Gesi adimu

Gesi adimu ni elementi za kundi la 18: heliamu, neoni, agoni, kriptoni, zenoni na radoni. Oganesoni, elementi ya 118, imo katika safu hiyohiyo, lakini zimetengenezwa atomu zake chache tu maabarani. Gesi hizo sita hazina rangi wala harufu, na kila atomu huishi peke yake. Atomu nyingine huungana ili kujaza ganda lao la nje la elektroni. La heliamu limekwisha kujaa kwa elektroni 2, na la wenzake kwa 8.

Kwa kuwa haziungani kirahisi na elementi nyingine, zilichelewa kugunduliwa. Agoni ni karibu asilimia 1 ya hewa, zaidi ya mara 20 ya kabonidayoksaidi, lakini wanasayansi Rayleigh na Ramsay waliibaini mwaka 1894 tu, kwa sababu nitrojeni ya hewani ilikuwa nzito kidogo kuliko ile iliyotolewa katika misombo. Heliamu ilionekana katika mwanga wa Jua mwaka 1868. Ramsay aliipata duniani mwaka 1895 ndani ya jiwe lenye uraniamu.

Tanzania inaingia hapo. Uraniamu na thoriamu zinapovunjika hutoa chembe za alfa, ambazo ni viini vya heliamu. Miamba ya katikati ya nchi, mingi ikiwa na zaidi ya miaka bilioni 2.5, imelimbikiza gesi hiyo kwa muda wote huo, hadi joto la volkeno za Bonde la Ufa lilipoifungulia. Hupanda pamoja na nitrojeni na kutokea kwenye chemchemi za majimoto. Volkeno ikiwa karibu mno, kabonidayoksaidi huizidi nguvu, hivyo umbali nao una maana. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa sehemu moja ya bonde la Rukwa huenda ina futi za ujazo bilioni 54. Hilo lilikuwa kadirio, si akiba iliyothibitishwa, tofauti ambayo magazeti mengi yaliiruka. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula West-1 kilitoa gesi yenye heliamu hadi juu ya ardhi.

Heliamu huchemka kwenye nyuzi −269 za Selsiasi, na ndiyo maana hupoza sumaku za mashine za MRI hospitalini. Kazi ya agoni iko karibu zaidi na mtaa. Fundi wa Mabibo anayechomelea geti la chuma kwa rodi haihitaji, kwani moshi wa ganda la rodi hukinga chuma. Anayechomelea aluminiamu hufungulia mtungi wa agoni ili oksijeni isifikie sehemu iliyoyeyuka. Neoni hung'aa kwa wekundu ndani ya taa za matangazo.

Iliaminika kuwa gesi hizi haziungani kabisa, mpaka mwanakemia Neil Bartlett alipopata msombo wa zenoni, platini na florini mwaka 1962. Elektroni za nje za zenoni ziko mbali na kiini, kwa hiyo hunyang'anyika. Kriptoni ina misombo michache; heliamu na neoni zimebaki ngumu kuliko zote. Radoni ingepaswa kuungana kwa urahisi zaidi, lakini nusu ya atomu zake huvunjika ndani ya siku 3.8, na mionzi yake, inayosababisha saratani ya mapafu kwa wachimbaji wa migodi isiyopitisha hewa, huvunja pia misombo inayoundwa.