Pori Lililoachwa: Malale, Moto na Hifadhi katika Uha ya Mashariki

Mtu atokaye Kitahana na vilima vya jirani katika Wilaya ya Kibondo, akaelekea mashariki, huiona nchi ikishuka na kubadilika. Nyuma yake huziacha nyanda za juu zenye majani mafupi, migomba, maharage na mihogo. Mbele yake huanza miombo, yaani misitu ya wazi ya mitundu, myombo na mininga, ambamo jua hupenya hadi chini na majani marefu huota kati ya mti na mti. Mbali zaidi miombo hiyo hukoma penye mabwawa makubwa ya Moyowosi na Malagarasi. Huko huishi nzohe, nyamera na palahala, pamoja na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye wageni husafiri kutoka Ulaya ili wamwone kwa dakika chache. Pori la Akiba la Moyowosi lilitangazwa mwaka 1981, na lile la Kigosi likafuata baada ya muda mfupi. Mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Moyowosi, lenye kilometa za mraba zipatazo 32,500, liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, likiwa eneo la kwanza la ardhioevu nchini Tanzania kupewa heshima hiyo.

Pori hili huelezwa mara nyingi, na hata mimbarani tumelisikia likielezwa hivyo, kuwa ni nchi ambayo mkono wa mwanadamu haujaigusa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Sehemu ya miombo ya Uha ya mashariki ni nchi iliyoachwa, na walioiacha hawakuondoka wote kwa hiari yao. Jambo hili si la wanahistoria peke yao, kwa maana anayelisimamia pori bila kujua lilivyokuwa ataweza kulidhuru huku akidhani analilinda.

Kabla ya ukoloni Uha ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja ikiwa na mtawala aliyeitwa mwami. Heru ilikuwa katika nchi ambayo sasa ni Kasulu; Muhambwe na Buyungu zilikuwa upande wa kaskazini, katika Kibondo na Kakonko za leo. Chini ya mwami, na kwa namna fulani pembeni yake, walikuwako wateko, wenye mamlaka ya kimila juu ya ardhi. Hao ndio waliogawa mahali pa kulima na kuongoza matambiko ya nchi. Ng'ombe walichungwa zaidi nyanda za juu. Katika miombo watu walilima kwa kuhamahama: walikata miti, wakachoma, wakalima miaka michache, kisha wakaliacha shamba lirudie hali yake. Miti mingi ya miombo haifi ikikatwa, bali huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi, na kwa sababu hiyo shamba lililoachwa hurudi kuwa msitu bila mtu kupanda mbegu hata moja. Mkulima, mrina asali na mwindaji, kila mmoja alichoma majani kwa wakati wake na kwa haja yake. Nchi ikawa kama nguo ya viraka: hapa shamba, pale kichaka kichanga, kwingine msitu mkubwa.

Hatupendi kuipamba picha hii kupita kiasi. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alidai kwamba watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa wameyatawala mazingira yao vema mpaka ukoloni ulipowavunja. Juhani Koponen, akiandika mwaka 1988, alionyesha kwamba karne ya 19 ilikuwa na vita, njaa na utumwa wa kutosha kuitia dosari hadithi hiyo nzuri. Tunaona Koponen ana haki katika mengi. Hata hivyo hoja moja inabaki imara, nayo ilikwisha kuelezwa na John Ford mwaka 1971: mbung'o hurudi nyuma watu wanapokuwa wengi, wakilima na kufyeka, naye husonga mbele wanapopungua.

Nao walipungua. Sotoka ya miaka ya 1890 na 1891 iliua ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki. Zikafuata ndui, funza na njaa. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma, nao wakaitawala nchi hiyo hadi mwaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Kisha ukaja wakati wa manamba: vijana wa Kiha walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Kila kijana aliyepanda gari la moshi Kigoma aliacha jembe na shoka visivyo na mwenyewe. Vichaka vikakua, na mbung'o wakavifuata.

Ugonjwa wa malale wa aina iuayo haraka ulitambuliwa kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1922, nao ukaenea katika magharibi ya Tanganyika miaka iliyofuata. Serikali ya Waingereza ilikuwa na njia mbili za kuukabili. Moja ni ile ya C. F. M. Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o aliyekuwa na makao yake Shinyanga, ambaye alipendelea kuviangamiza vichaka wanamokaa wadudu hao, hata kwa kuyaacha majani yakauke kabisa na kuyachoma mwishoni mwa kiangazi ili moto uwe mkali. Nyingine ni ile ya madaktari, hasa George Maclean: kuwaondoa watu waliotawanyika porini na kuwakusanya mahali pamoja, wawe wengi kiasi cha kuweza kufyeka kwa mikono yao eneo wasilolipenda mbung'o.

Katika Uha njia hii ya pili ilianza kutekelezwa mwaka 1933. Familia ambazo zilikuwa zimeishi kwa mbalimbali, kila moja juu ya kilima chake au kando ya kijito chake, ziliamriwa kuhama na kujenga katika makazi mapya, kama vile Makere katika Kasulu. Mwanahistoria Julie Weiskopf, katika tasnifu yake ya mwaka 2011, ameifuata historia ya makazi hayo tangu 1933 hadi 1975, nasi twawashauri wasomaji wanaotaka kujua zaidi waitafute. Yafaa ikumbukwe kwamba malale yalikuwa yakiua kweli, na kwamba walioamuru uhamisho walikusudia kuokoa maisha. Lakini amri iliyookoa maisha ilikata pia kamba iliyomfunga mtu na ardhi yake. Mteko aliyehamishwa pamoja na watu wake alikuwa mteko wa nchi gani? Makaburi yalibaki nyuma. Mashamba yaliyokuwa yakipumzishwa ili yalimwe tena hayakulimwa tena, nayo kwa muda wa miaka thelathini au arobaini yakawa msitu ambao mgeni asingeweza kuutofautisha na ule ambao haukupata kulimwa.

Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwakusanya watu tena, safari hii katika vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Basi ilipofika mwaka 1981, palipochorwa mipaka ya Moyowosi, wachoraji waliikuta nchi ya mashariki ikiwa na watu wachache sana. Hatusemi kwamba kila eka ya pori hilo ilikuwa shamba; mabwawa hayakuwa makao ya watu wengi wakati wowote. Tunasema tu kwamba uchache wa watu uliochukuliwa kuwa hali ya asili ya nchi ulikuwa, kwa sehemu, kazi ya serikali mbili.

Sasa tuje kwenye moto, kwa kuwa hapo ndipo historia hii inapomgusa msimamizi wa hifadhi kila mwaka. Majani ya miombo hukauka kuanzia Mei, nayo hayabaki bila kuungua. Kama hayachomwi na mtu, huchomwa na radi au na uzembe. Katika miaka ya 1930 idara ya misitu ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ilianza majaribio huko Ndola katika miombo inayofanana na yetu, na C. G. Trapnell akayaeleza matokeo yake mwaka 1959. Eneo lililochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi lilipoteza miti yake hatua kwa hatua, likaelekea kuwa uwanda wa majani. Lililochomwa mapema, wakati majani yangali na unyevu, lilibaki msitu. Lililokingwa na moto kabisa lilianza kujifunga na kuwa kichaka kizito cha miti isiyopukutisha majani.

Maana yake ni kwamba miombo ya wazi, yenye majani ya kumlisha palahala na maua ya ardhini yanayohitaji jua, haidumu kwa kuachwa peke yake. Moto wa Mei au Juni huenda polepole, huzimika penye unyevu, na huacha viraka visivyoungua ambamo wanyama hujificha. Moto wa Septemba huikuta miti ikitoa majani mapya na maua. Huunguza chakula cha nyuki na kuirudisha miche ardhini, nayo huchipua tena na kuungua tena, mwaka baada ya mwaka, bila kupata urefu wa kuuepuka mwali. Hata uyoga ambao akina mama huuokota mvua zinapoanza hutegemea jambo hili, kwa sababu aina nyingi za uyoga huo huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti ya miombo, wala hazioteshwi shambani. Mti ukifa, uyoga wake hauonekani tena.

Wakimbizi wa Burundi waliokuja tangu mwaka 1993 na wale wa Kongo waliowekwa Nyarugusu tangu mwaka 1996 waliongeza mahitaji ya kuni na miti ya kujengea, na wachungaji wa ng'ombe kutoka kaskazini wameingia katika bonde kwa makundi makubwa. Hayo yamesemwa sana, na ni ya kweli. Lakini ni rahisi mno kumhesabia mgeni kila kisiki. Lisilosemwa sana ni kwamba sheria iliyomzuia mkazi wa zamani kuingia porini ilimwondoa pia mtu aliyekuwa akichoma mapema. Aingiaye kwa kificho hachomi Mei, wakati doria zinapomwona; huchoma wakati wowote unaomfaa, kisha hukimbia.

Kuhusu vijiji, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliweka njia ya wananchi kuwa na misitu yao ya hifadhi na kushiriki katika kuitunza ile ya serikali. Pori la akiba limebaki jambo jingine, na hatutetei lifunguliwe kwa jembe au kwa mifugo. Nzohe na ndege wa mabwawa hawana mahali pengine pengi pa kwenda. Tunachotetea ni kidogo kuliko hicho. Kibondo na Kasulu zinajulikana kwa asali, na wajukuu wa waliohamishwa mwaka 1933 ni miongoni mwa wanaotundika mizinga katika miombo. Mojawapo ya mavuno yao huangukia mwanzoni mwa kiangazi, mvua zikiisha kukatika na majani yangali mabichi shinani. Katika majuma hayo mrina asali yumo msituni, anao moto mkononi, na ana sababu yake mwenyewe ya kutotaka maua yaungue mwezi Septemba. Kibali anachopewa hutaja jina lake na siku zake. Kingeweza kutaja pia bonde atakalolichoma, na tarehe ambayo baada yake hatawasha tena.