Benki ya Greenland na Somo la Amana

Katika zama za utawala wa Waingereza, shule nyingi za Uganda zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Wazee wengi wa Kiislamu walichelea watoto wao wasije wakatolewa katika dini, wakawazuia nyumbani. Kwa sababu hiyo Waislamu wakawa wachache katika kazi za ofisini, riziki yao wakaitafuta katika biashara. Na mwenye biashara hana budi na benki. Walakini mabenki ya kwanza yalikuwa ya wageni: National Bank of India ilifungua mlango wake Entebbe mwaka 1906, ikafuatwa na Standard Bank ya Afrika Kusini mwaka 1912.

Kwa hiyo lilikuwa jambo la fahari, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Benki ya Greenland ilipoanzishwa mjini Kampala. Mwanzilishi wake, marehemu Dokta Sulaiman Kiggundu, alikuwa Mwislamu na mtaalamu wa uchumi, naye alikwisha kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Uganda tangu 1986 hata 1990.

Mwaka 1997 Serikali iliuza hisa 49 kwa mia za Uganda Commercial Bank, iliyokuwa benki kubwa kuliko zote nchini. Mnunuzi aliyetajwa katika mkataba ni kampuni ya Westmont ya Malaysia. Mwaka uliofuata ikadhihirika kwamba nyuma ya Westmont ilikuwako Greenland yenyewe. Mnunuzi wa kweli hakuandikwa. Mwezi wa Desemba 1998 Benki Kuu ikashika uendeshaji wa Greenland, na tarehe 1 Aprili 1999 milango ikafungwa.

Yaliyofuata nayo yafaa kukumbukwa. Mwaka 2007 madeni yaliyokuwa yakidaiwa na Greenland, pamoja na ya International Credit Bank na Cooperative Bank, yakiwa yameandikwa kuwa kiasi cha shilingi bilioni 135, yaliuzwa kwa bilioni 8.9 tu. Kamati ya Bunge ilipochunguza habari hiyo, katika taarifa yake ya mwaka 2019 iliilaumu Benki Kuu kwa kukosa orodha za mali ya mabenki iliyoyafunga. Basi waliofunga nao walipungukiwa na lile lile walilopungukiwa waliofungiwa: hati iliyo wazi.

Waislamu hawakuhitaji kungoja Bunge liwafundishe jambo hili. Katika Surat al-Baqara Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, wala hakumtoa katika amri hiyo ndugu wala rafiki. Kuaminiana kwa jina la dini hakuondoi daftari.

Mwaka 2016 sheria ya mabenki ya Uganda ilirekebishwa ili kuruhusu benki zisizotoza riba, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapewa leseni ya kwanza ya namna hiyo. Mlango uliofungwa mwaka 1999 hauwezi kufunguliwa tena. Lakini mwingine umefunguka. Anayeweka humo akiba yake, au fedha za msikiti na za mayatima, ana haki ya kuuliza hesabu, wala kuuliza huko si kumvunjia mtu heshima. Ndiko kuilinda amana.