Ebola na Kura: Beni na Butembo, 2018–2020

Tarehe 1 Agosti 2018, Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Wagonjwa wa kwanza walithibitishwa Mangina, mji mdogo ulio karibu na Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi nchini humo tangu virusi hivyo vigunduliwe Yambuku mwaka 1976. Wiki moja kabla yake, mlipuko wa tisa, uliotokea Équateur, ulikuwa umetangazwa kwisha baada ya muda usiotimia miezi mitatu. Chanjo ilikuwapo, wataalamu walikuwapo, na wengi walitarajia kwamba kazi ya Kivu nayo ingemalizika upesi. Ilichukua karibu miaka miwili.

Beni na Butembo ni nchi ya Wanande, na Butembo hasa ni mji wa wafanyabiashara wanaoagiza mali zao kutoka Dubai na China. Wakati wa vita vya Kongo, kuanzia mwaka 1999, eneo hilo lilitawaliwa na kundi la waasi la Mbusa Nyamwisi, na miaka kadhaa baada ya amani kutiwa saini likawa ngome ya upinzani dhidi ya Kinshasa. Kisha, kuanzia Oktoba 2014, vijiji vya kuzunguka Beni vikaanza kuvamiwa na watu kuchinjwa kwa mapanga. Mauaji mengi yalihusishwa na ADF, kundi lenye asili ya Uganda, lakini wakazi wengi waliamini kwamba hata baadhi ya askari wa serikali walikuwa na mkono wao. Mamia walikufa, huku kambi za jeshi na za Umoja wa Mataifa zikiwa karibu.

Katika hali hiyo yakaingia magari ya "riposte", kama wenyeji walivyoiita kampeni ya kupambana na Ebola, mara nyingi yakisindikizwa na askari walewale walioshindwa kuwalinda raia. Swali lililozunguka sokoni na makanisani lilikuwa moja: mbona wageni hawa hawakuja watu walipokuwa wakichinjwa? Fedha nazo zilionekana kwa macho, katika kodi za magari na nyumba na katika mishahara ya walioletwa kutoka Kinshasa na ng'ambo, na hapo ndipo maneno "biashara ya Ebola" yalipozaliwa. Utafiti uliofanywa Septemba 2018 miongoni mwa watu wazima 961 wa Beni na Butembo ulionyesha kwamba zaidi ya robo yao waliamini kuwa Ebola haipo. Ni kosa kuuita huo ujinga. Ulikuwa ushuhuda wa watu ambao kwa miaka minne walikuwa wameahidiwa usalama wasiupate.

Jambo lililoutia uvumi nguvu kuliko yote lilitoka kwenye Tume ya Uchaguzi. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi wa rais, tume ilitangaza kwamba upigaji kura Beni na Butembo umeahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Rais mpya angeapishwa Januari. Kwa hiyo kura za zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wakiwa upande wa mgombea wa upinzani Martin Fayulu, zisingehesabiwa. Makanisa na masoko yalikuwa wazi kama kawaida. Vituo vya kura pekee ndivyo vilivyofungwa. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Beni kilichokuwa kikipokea watu walioshukiwa kuwa na Ebola, na wagonjwa wakakimbia. Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni wakajiandalia kura yao wenyewe, wakapanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga.

Tangu hapo ilikuwa vigumu mno kuutenganisha ugonjwa na siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Wahudumu wenyeji walitishwa majumbani mwao. Wagonjwa wengi walijificha, wakafia nyumbani, wakawaambukiza waliowauguza.

Mgawanyiko ulifika hadi juu. Waziri wa Afya, Oly Ilunga, alipinga chanjo ya aina ya pili kutumika. Julai 2019 rais alipomkabidhi Profesa Jean-Jacques Muyembe uongozi wa kampeni, waziri alijiuzulu. Hata hivyo, Agosti mwaka huohuo majaribio yaliyofanywa katika vituo hivyohivyo vya matibabu yalithibitisha dawa mbili zinazopunguza vifo. Vyumba vyenye kuta za plastiki angavu viliwawezesha ndugu kumwona mgonjwa wao. Waliopona, waliokuwa na kinga, walilea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeambukiza watu 3,470 na kuua 2,287. Septemba 2021 tume huru ilithibitisha malalamiko ya wanawake walionyanyaswa kingono na baadhi ya watumishi wa kampeni hiyo, wakiwamo wa Shirika la Afya Duniani. Kabla ya ripoti hiyo, Februari 2021, Ebola ilikuwa imerudi eneo la Butembo. Ilizimwa kufikia Mei, ikiwa na wagonjwa 12 na vifo 6.