Kuzimu Moja, Maswali Mawili: Kifo na Ahera kwa Wayahudi na Wagiriki wa Kale

Neno kuzimu katika Biblia ya Kiswahili hubeba maneno mawili ya asili: Sheoli la Kiebrania na Hadesi la Kigiriki. Ulinganifu huo haukuanzia kwetu. Uliasisiwa na Wayahudi waliotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, kazi iliyoanza Aleksandria katika karne ya 3 K.K. Je, walikosea?

Kwa kiasi kikubwa, la. Katika utenzi wa Odisea wa Homer, wafu ni vivuli vinavyohitaji damu ya kafara ili virejewe na fahamu. Naye Achilles aona heri kuwa kibarua wa fukara kuliko kuwatawala wafu wote. Vivyo hivyo, Isaya (sura ya 14) achora wafu dhaifu wakimlaki mfalme wa Babeli, na Zaburi ya 6 yashikilia kwamba huko Mungu hasifiwi. Kwa jumla, mwema na mwovu walishukia mahali pamoja.

Njia zilitengana baadaye kwa kuwa maswali yalitofautiana. Katika Phaedo (karne ya 4 K.K.), Plato ashughulikia elimu: nafsi inayoufahamu ukweli wa milele yapaswa kuwa na hulka ya milele, na kifo huifungua kutoka mwilini. Kwa Wayahudi, swali lilikuwa la haki. Antiochus wa Nne alipoiharamisha sheria yao mnamo 167 K.K., waliouawa walikuwa wale hasa walioishika. Katika dhiki hiyo, Danieli (sura ya 12) atangaza kwamba wengi waliokufa wataamka, kila mmoja apate stahili yake.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba nafsi ni ya Mgiriki na ufufuo ni wa Myahudi. Epicurus alifundisha kwamba nafsi hutawanyika mtu afapo. Masadukayo nao waliukana ufufuo, ilhali Kitabu cha Hekima, kilichoandikwa kwa Kigiriki na Myahudi, chaziweka nafsi za wenye haki katika ulinzi wa Mungu.

Hapa pana onyo kwa mhakiki. Tukiisoma Zaburi ya 6 kwa kuzimu ya nyakati za baadaye, yenye thawabu na adhabu, twaipunguzia makali. Mtunzi wake aomba kuokolewa sasa, kwa sababu hana ahera ya kumfidia.