Kampuni ndiyo iliyomtenga msichana na uhandisi

Ukiuliza Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, kwa nini wahandisi wanawake ni wachache, wengi watakutajia mila. Watakwambia mwanamke akikaribia shimo, madini hukimbia. Lakini mila imebebeshwa lawama nyingi isizostahili. Mgawanyo huo ulipangwa ofisini.

Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, hapo mwanzo ilitaka wanaume tu, tena wa muda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili msimamo: mfanyakazi atulie kambini na mke na watoto. Kolwezi, mji uliozaliwa 1937, ulikua chini ya mpango huo. Kampuni ilitoa nyumba, posho, hospitali na shule, na shuleni ndiko ndugu wa tumbo moja walikoachana njia. Mvulana aliyefaulu alipelekwa karakana. Akasimama mbele ya jiriwa, tupa mkononi, akisugua kipande cha chuma mpaka kilingane na kipimo cha mwalimu. Dada yake alikaa na sindano akijifunza kukunja pindo, kupika na kuogesha mtoto. Mmoja aliandaliwa kuwa fundi, mwingine kuwa mke wa fundi. Nje ya Kongo hali haikuwa tofauti sana: mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuwazuia wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini.

Matunda ya mipango ya aina hiyo yalionekana nchi nzima baada ya uhuru. Mkongomani wa kwanza mwanamke kupata shahada ya chuo kikuu, Sophie Kanza, aliipata 1964, tena Geneva.

Serikali ilipoichukua migodi mwaka 1967, na baadaye kampuni kuitwa Gécamines, shule za kampuni ziliendelea. Kisha kampuni ikaporomoka. Mwaka 1986 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa malipo yaliyogharimiwa na Benki ya Dunia. Minervali, yaani karo ya shule, ikarudi mikononi mwa baba asiye na mshahara. Pesa zikitosha mtoto mmoja, mara nyingi alitangulizwa mvulana. Na hata msichana aliyepenya akasoma, Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume ili aajiriwe. Sharti hilo liliondolewa 2016.

Umeme nao una kisa chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilika mstari wa kilomita 1,700 hivi, kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kulisha migodi. Vijiji vingi vilivyopitiwa na nyaya hizo vilibaki gizani. Katika nchi hiyohiyo, mjini Kikwit, msichana wa miaka 17 aliugua kidole tumbo, akahitaji kupasuliwa, na hospitali haikuwa na umeme. Aliponea chupuchupu. Huyo ni Sandrine Mubenga. Alikwenda kusomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, akawa mwalimu hukohuko. Mwaka 2018 akaanzisha STEM DRC Initiative, inayowalipia masomo vijana wa Kongo, wa kike na wa kiume, wanaochukua sayansi na uhandisi. Mwaka 2020 alikabidhiwa mamlaka ya taifa ya kusimamia umeme. Huko Kalebuka, pembezoni mwa Lubumbashi, Noëlla Coursaris Musunka naye alifungua 2011 shule ya Malaika, ambako wasichana husoma bila kulipa.

Nawaheshimu sana watu hawa. Lakini utajiri uko Lualaba kwenyewe, mkoa wa Kolwezi. Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Fedha hizo zikijenga darasa, utepe hukatwa mara moja na picha zikapigwa. Minervali ya binti anayesomea uhandisi hudaiwa kila mwaka mpaka amalize, pamoja na chumba, chakula na nauli. Kamati zinazogawa fedha hizo ziiandike kwenye bajeti zao, mwaka baada ya mwaka.