Wachina wa Musoma na Pumzi Iliyobaki Kwao

Mtajie kijana yeyote wa mjini neno Taiji, atakujibu kwa swali: "Ndiyo ile ya Jet Li?" Simlaumu. Kizazi chetu kimeijua China kwa mateke, kwenye vibanda vya video, mtafsiri akipiga kelele kuzidi sinema yenyewe. Ukimwambia kwamba Taiji ni ule mchezo wa wazee wanaosogeza mikono polepole asubuhi kama wanaopapasa ukuta gizani, anacheka. Eti huo nao ni mchezo wa kupigana?

Ni mchezo wa kupigana, na ni tiba pia. Na sisi watu wa Mara tuna haki ya kuuzungumzia kuliko tunavyodhani. Mwaka 1968 serikali ya China ilianza kuleta madaktari wake Tanzania Bara, na jimbo lililopewa kazi ya kuwatoa lilikuwa Shandong. Vituo vyao havikuwa Dar es Salaam peke yake. Walipelekwa pia Dodoma, Tabora na hapa kwetu Musoma. Kundi moja likimaliza muda wake, jingine linakuja. Basi kwa miaka mingi mji wetu wa ziwani ulikaa na watu waliotoka katika nchi ya mazoezi haya ya pumzi. Nataka kueleza kwa nini tulipokea sindano zao na hatukupokea pumzi yao.

Nianze na mchezo wenyewe. Ipo hadithi kwamba Taiji ilibuniwa na mtawa wa milimani aitwaye Zhang Sanfeng, aliyemtazama nyoka akipigana na ndege. Nafsi yangu inayotaka kuandika riwaya inaipenda sana hadithi hiyo, lakini wanahistoria hawaikubali. Wao wanatupeleka kwenye kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, karne ya 17, kwa mwanajeshi mmoja, Chen Wangting, aliyerudi nyumbani baada ya utawala wa Ming kuanguka. Ukoo wa Chen uliutunza mchezo huo kama siri ya familia. Aliyeutoa nje ni Yang Luchan (1799-1872), mtu wa jimbo la Hebei asiye wa ukoo huo, ambaye baadaye alifundisha Beijing hadi kwa jamaa wa mfalme. Mjukuu wake, Yang Chengfu, ndiye aliyeulainisha na kuupunguza kasi, mpaka karani wa ofisi mwenye kitambi naye akaweza kuucheza.

Kinachoutofautisha na karate ni kule ndani. Wachina wana neno qi, hutamkwa "chi". Vitabu vingi huliita nguvu ya ndani na kuishia hapo, msomaji akabaki anafikiria umeme. Lakini herufi ya zamani ya neno hilo huchorwa kama mvuke na mchele chini yake. Ni hewa, ni pumzi, ni kile kinachopanda kutoka kwenye chakula cha moto. Kiswahili hapa hakina haja ya kukopa. Tunasema pumzi, tunasema kupumua, na mtu akichoka tunamwambia apumzike. Maneno yote hayo ni ya ukoo mmoja. Bibi zetu walijua kwamba kupumzika ni kazi ya pumzi kabla hatujasikia lolote kuhusu China.

Mchezaji husimama miguu ikiwa imeachana upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Anavuta hewa kwa tumbo wala si kwa kifua, mawazo yake yakiwa chini ya kitovu, upana wa vidole vitatu hivi, mahali wanapopaita dantian. Halafu anaanza kusogea, na kila pozi lina jina lake: kuna Kushika Mkia wa Ndege, kuna Mikono kama Mawingu, kuna Korongo Mweupe Akunjua Mbawa. Uzito unahama mguu hadi mguu kama maji yanayomiminwa kutoka sufuria moja kwenda nyingine. Jaribu dakika kumi tu, mapaja yatakuambia kama ni mchezo wa wazee.

Sasa twende Shandong, maana huko ndiko historia yao inapokutana na yetu kwa namna ambayo hatukufundishwa darasani.

Novemba 1897 Wajerumani waliteka ghuba ya Jiaozhou, pwani ya Shandong, wakajenga mji wao wa Qingdao. Ni Wajerumani walewale waliokuwa wakitutawala sisi. Watu wa Shandong walikuwa na njaa, mafuriko na wamisionari, na juu ya hayo wakaongezewa mzungu mwenye bunduki. Tayari vijijini kulikuwa na vyama vya siri. Kimoja kilifanya mazoezi yaliyoitwa Kengele ya Dhahabu: mtu anavuta pumzi, anasoma maneno ya uganga, anapigwa matofali na mapanga mpaka aamini kwamba mwili wake umekuwa kengele, haupenyi kitu. Kutokana na mchanganyiko wa imani za namna hiyo likazuka vuguvugu la Yihetuan, ambalo Wazungu waliliita la Wapiganaji wa Ngumi. Mwaka 1900 waliingia Beijing na kuzizingira balozi za kigeni kwa siku 55. Waliamini risasi haitawapata. Iliwapata. Majeshi ya nchi nane yalikuja, Wajerumani wakiwemo, na vijana wa Shandong waliovuta pumzi na kukimbilia mizinga wakalala chini kwa maelfu.

Miaka mitano tu baadaye, Julai 1905, watu wa Umatumbi waling'oa pamba ya Mjerumani, na vita vya Maji Maji vikaanza. Dawa ya Kinjikitile ilikuwa maji, ya Shandong ilikuwa pumzi. Mimi nilipoziweka tarehe hizi mbili kwenye karatasi moja nilikaa kimya kwa muda. Adui ni yuleyule. Mashaka ni yaleyale: mkulima asiye na bunduki, anayetafuta ndani ya mwili wake au ndani ya kibuyu kitu kitakachomfanya asimame. Kwetu inakadiriwa walikufa watu kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa iliyofuata. Ebrahim Hussein aliligeuza jambo hilo kuwa tamthilia, Kinjeketile, mwaka 1969, na bado hakuna kijana wa sekondari anayeisoma asibishane na mwenzake: yule mganga alikuwa tapeli au alikuwa kiongozi?

Wachina nao walibishana. Wasomi wao baada ya 1900 walikuwa na hasira na aibu pamoja, hasa walipoitwa wagonjwa wa Asia. Wengine walitaka mambo yote ya kale yatupwe. Lakini wengine walisema, hapana, pumzi haizuii risasi lakini inaweza kumzuia mtu asiwe mgonjwa. Hapo ndipo Taiji ilipoanza kuhama kutoka uwanja wa vita kwenda bustanini. Utawala wa kikomunisti ulipokuja, mwaka 1956 tume ya taifa ya michezo ilitoa Taiji fupi ya hatua 24, mtu wa kawaida aijifunze bila kuzaliwa katika ukoo wowote. Na kwenye hospitali ya mapumziko ya Beidaihe, daktari mmoja, Liu Guizhen, aliyasafisha mazoezi ya pumzi, akayatoa uganga, akayaingiza kwenye tiba kwa jina la qigong. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Kisha yakaharibika, na yaliharibika wakati mbaya kwetu. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja kwetu Juni mwaka huohuo. Urafiki ukapamba moto. Lakini mwaka 1966 Mao alianzisha Mapinduzi ya Utamaduni. Mambo ya kale yakawa maadui. Liu Guizhen alikuwa ameshalaaniwa kwamba anaotesha magugu yenye sumu, akaondolewa kazini. Qigong ikaitwa ushirikina. Walimu wa Taiji ya zamani walidhalilishwa hadharani. Sindano, hata hivyo, zilinusurika. Kwa nini? Kwa sababu zilikuwa rahisi, zilibebeka mfukoni, na daktari wa kijijini asiye na dawa angeweza kuzichemsha na kuzitumia tena. Zilifaa siasa ya kujitegemea.

Kwa hiyo angalia tarehe vizuri. Daktari wa Shandong aliyekuja 1968 aliondoka kwao wakati kuvuta pumzi kwa utaratibu kungeweza kumponza. Alibeba sindano, alibeba kijitabu chekundu, na kama babu yake alimfundisha namna ya kusimama alfajiri na kushusha pumzi mpaka chini ya kitovu, hakuwa na sababu ya kumwonyesha mtu. Ndiyo maana watu wetu wanakumbuka sindano tu. Jirani yetu mmoja pale Nyasho, mama mtu mzima, hunisimulia jinsi Mchina alivyomchoma vidole vya mguu wakati yeye analalamika kiuno. "Nikamwambia, we baba, huko siumwi!" Kiuno kikapona, au angalau yeye anasema kilipona.

Nisiseme hatukujifunza kitu cha mwili kutoka China. Tulijifunza kutembea. Au niseme, Mwalimu alikuwa anajua tayari. Mwaka 1934 alipoanza shule ya Mwisenge alikuwa mtoto wa miaka 12, na kutoka Butiama hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 40. (Mwaka huohuo, Oktoba, Mao na wenzake walianza Safari Ndefu yao. Natia hili kwenye mabano kwa sababu halithibitishi chochote, ila mwandishi halali nalo.) Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, vijana nchi nzima walishika njia kwa miguu kuliunga mkono. Kijana Seti Benjamin alifia njiani. Oktoba mwaka huo Rais mwenyewe, umri wake miaka 45, aliondoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU, zaidi ya kilomita 200. Anayeijua barabara hiyo anajua jua lake: ukishapita Bunda, nyanda zinafunguka, Serengeti mkono wa kushoto, ghuba ya Speke mkono wa kulia, na hakuna kivuli cha maana. Mtu hatembei njia hiyo kwa kifua. Atembee kwa pumzi, taratibu, uzito ukihama mguu hadi mguu. Sisemi Mwalimu alicheza Taiji. Nasema siasa ya wakati ule iliuchukua mwili wa Mtanzania na kuutaka uende mbele kwa pamoja, kwa mchakamchaka na nyimbo. Ule mwili unaosimama peke yake na kujisikiliza haukuwa na nafasi, wala Beijing wala Dar es Salaam.

Sanaa za Mashariki zilitufikia kwa mlango mwingine kabisa. Karate iliingia Dar es Salaam mwaka 1973 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na dojo lake likajulikana kwa jina la Zanaki. Jina la kabila la Mwalimu! Mwaka huohuo Bruce Lee akafa na sinema zake zikaanza kuishi. Huko China, baada ya Mao kufa mwaka 1976, pumzi iliruhusiwa tena, Liu Guizhen akasafishwa jina, na miaka ya themanini bustani zikajaa watu. Taiji ilikuja kwetu rasmi kwa kuchelewa, kupitia vyuo vya lugha: Taasisi za Confucius za Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilifunguliwa 2013, Kituo cha Utamaduni wa China kikafuata Dar es Salaam mwaka 2015. Desemba 2020 UNESCO iliitia Taiji kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu.

Na inatibu? Mimi si daktari, lakini nimesoma. Mwaka 2012 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha majaribio ya wagonjwa 195 wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Waliocheza Taiji mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walisimama imara zaidi kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo, na walianguka mara chache zaidi. Hilo ni jambo kubwa kwa mzee. Lakini hakuna mashine iliyowahi kuipima qi, na anayekuambia itaondoa malaria au virusi anakuuzia Kengele ya Dhahabu upya. Watu wa Shandong wameshailipia, sisi tumeshailipia Umatumbi.

Nina riwaya nimeianza kwenye daftari la kaunta. Ndani yake yuko daktari wa Shandong, mwaka 1969, Musoma. Mchana anachoma sindano. Alfajiri, kabla wenzake hawajaamka, anashuka hadi ufukweni Mwigobero, anageuka kuhakikisha hakuna anayemwona, halafu anainua mikono. Mvuvi mmoja anayerudi na mtumbwi anamwona. Sura ya pili imenikwama hapo, kwa sababu sijaamua bado kama mvuvi atamsalimu.