Mashine ya Bwana Babbage

Wengi hudhani ya kuwa kompyuta ni jambo la juzi. Lakini sisi twaiona asili yake huko London, mwaka 1821. Siku zile mabaharia walijua mahali walipo kwa kutazama nyota na kusoma majedwali ya hesabu. Majedwali hayo yalifanyizwa na watu kwa kalamu, kisha yakapigwa chapa. Na mtu akichoka hukosa, na kosa dogo laweza kupeleka chombo mwambani.

Bwana Charles Babbage, alipokuwa akiyasahihisha pamoja na rafiki yake John Herschel, aliona makosa mengi, akatamani hesabu zile zifanywe kwa nguvu za mvuke. Akabuni mashine ya magurudumu yenye tarakimu. Serikali ikatoa zaidi ya paundi 17,000, nayo mashine haikwisha. Akagombana na fundi wake, kazi ikasimama mwaka 1833. Hatuwezi kuilaumu sana Serikali kwa kuiacha mwaka 1842, maana mwenyewe alikuwa amekwisha geukia mashine nyingine iliyo kubwa zaidi! Hiyo ingeamriwa kwa kadi zenye matundu, kama zile za kufumia hariri huko Ufaransa, tena ingekuwa na ghala ya kuwekea tarakimu na kinu cha kuzifanyia kazi.

Babbage akafa mwaka 1871, wala hakuiona. Mwaka 1991 mafundi wa London waliunda mashine moja ya majedwali kwa michoro yake ya miaka 1847 hata 1849. Wakaizungusha kwa mkono, ikatoa hesabu sawasawa.